Kifungua kinywa katika kituo cha kulea watoto nyumbani: mwongozo kamili wa kupanga wiki nzima

Ratiba nyingi za kifungua kinywa hufia mlangoni. Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa: mayai Jumatatu, uji Jumanne, matunda kila siku. Kisha inafika saa moja na nusu asubuhi. Mzazi anabisha hodi, mtoto wa pili analia hataki kuachwa, wa tatu anahitaji kubadilishwa nepi, na jikoni sufuria inaungua. Baada ya wiki mbili mlezi amerudi kwenye biskuti na juisi.

Si kwamba mapishi yamekosekana. Mlezi mmoja hawezi kupokea watoto na kupika kwa wakati mmoja, na ratiba yake haikulizingatia hilo. Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: tangu mtoto wa kwanza anapoingia hadi wote wanapokaa mezani, kazi ya chakula isizidi dakika 10, na jiko liwe limezimwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vyombo:

- vikombe vya kupimia vya ml 60, 120 na 240 (kila palipoandikwa "kikombe" hapa, ni ml 240);
- kipimajoto cha chakula, kile chenye ncha ya kuchomeka;
- vyombo bapa vyenye vifuniko, kina kisichozidi sm 5;
- trei ya oveni yenye vishimo 12 vya keki ndogo;
- hotipoti au thamosi yenye mdomo mpana;
- utepe wa karatasi wenye gundi na kalamu ya wino mzito, kwa ajili ya kuandika tarehe;
- sahani na vikombe visivyovunjika, na bakuli la kuchotea lenye kijiko chake.

Chakula cha wiki: oti bapa (si zile ngumu zilizokatwakatwa, na si za pakiti zilizotiwa sukari), mkate wa ngano isiyokobolewa, mayai, maziwa, mtindi usio na sukari, ndizi, machungwa na tunda jingine laini, mboga moja ya majani, maharage yaliyoiva, jibini kidogo na beking pauda.

Kipimajoto ndicho ambacho walezi wengi hawana, na ndicho cha kununua kwanza. Jicho haliwezi kukuambia kama katikati ya chakula kumepata moto wa kutosha.

## Hatua ya 1: Andika kila mtoto anakula nini

Chukua karatasi moja. Kwa kila mtoto andika umri kwa miezi, saa anayofika, kama anakula nyumbani kabla ya kuja, ulaini wa chakula anachomudu, na vyakula asivyotakiwa kula pamoja na sababu yake.

Hiyo sababu ndiyo muhimu. Mzazi akisema "mwanangu hali mayai", inaweza kuwa hayapendi, imani ya familia inayakataza, yanamsumbua tumbo, au ana mzio unaoweza kumfunga pumzi. Uliza: akila kinatokea nini? Baada ya muda gani? Kuna dawa? Iko wapi, na inatolewaje? Mara nyingi mzio wa chakula hutokana na maziwa, mayai, karanga, njugu za miti kama korosho na lozi, ngano, soya, samaki, viumbe wa baharini wenye magamba kama kamba na kaa, na ufuta.

Kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, ondoa karanga katika ratiba nzima. Usijaribu kumpa yeye sahani yake na wengine yao. Watoto wadogo hugusana, hubadilishana vijiko na kulambana vidole. Kumbuka pia kwamba dawa ya kutakasa mikono isiyo ya maji haiondoi mabaki ya chakula chenye mzio. Yanayoyaondoa ni maji na sabuni.

Walio chini ya miezi 12 wana karatasi yao. Chakula chao kikuu ni maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga; maziwa ya ng'ombe si kinywaji chao bado. Wasipewe asali hata kidogo, hata iliyopikwa ndani ya kitu, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli), na utumbo wa mtoto mchanga bado hauna uwezo wa kuvizuia. Chakula chochote kipya kionjwe kwanza nyumbani kwao, mbele ya mzazi, kabla hujampa wewe.

*Umefaulu kama:* mtu aliyekuja kukusaidia kwa siku moja anaweza kuisoma karatasi hiyo na kumhudumia kila mtoto bila kukuuliza. Ibandike upande wa ndani wa mlango wa kabati, wewe uione na wageni wasiione.

## Hatua ya 2: Panga saa, kisha funga meza

Tazama saa za kufika ulizoandika. Tuseme wa kwanza anaingia saa 12:30 asubuhi na wa mwisho saa 2:15. Weka kifungua kinywa saa 2:00 hadi 2:30, kwa wote pamoja; wa mwisho atajiunga akifika.

Anayefika saa 12:30 bila kula hawezi kungoja hadi saa mbili. Mpe kitu kidogo mara akifika: nusu ndizi na maji. Kiwe kidogo kweli, maana kikizidi hapo atakaa mezani ameshiba na utadhani ratiba yako ni mbaya. Anayechelewa apate sehemu yake kutoka kwenye friji, asikuanzishie mapishi mapya.

Saa 2:30 ondoa chakula mezani. Watoto wadogo wanahitaji kula kila baada ya saa mbili hadi tatu, na katikati ya hapo wanahitaji muda wa kusikia njaa. Meza inayobaki na chakula asubuhi nzima huzaa watoto wanaodonoadonoa bila kushiba, na mchana wanasukuma sahani. Walezi wengi huhangaika na chakula cha mchana kumbe kasoro iko kwenye asubuhi.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya vipimo

Hivi ni vipimo vya kuanzia kwa mtoto mmoja:

| Umri | Maziwa | Tunda au mboga | Nafaka |
|---|---|---|---|
| Mwaka 1–2 | ml 120 | ¼ kikombe | ½ kipande cha mkate au ¼ kikombe cha uji |
| Miaka 3–5 | ml 180 | ½ kikombe | ½ kipande cha mkate au ¼ kikombe cha uji |
| Miaka 6 na zaidi | ml 240 | ½ kikombe | kipande 1 cha mkate au ½ kikombe cha uji |

Ongeza kitu kimoja chenye protini: nusu yai, vijiko viwili vya chakula vya maharage yaliyopondwa, au robo kikombe cha mtindi. Nafaka peke yake haimshikilii mtoto hadi mchana.

Chukua kituo chenye watoto 6: wawili wa mwaka mmoja na wanne wa miaka mitatu hadi mitano. Maziwa ya kunywa ni (2 × 120) + (4 × 180) = ml 960 kwa siku, yaani karibu lita 5 kwa siku tano, bila kuhesabu ya kupikia. Matunda ni vikombe 2½ kwa siku. Uji unaohitajika ni vikombe 1½, lakini pika vikombe 3, kwa sababu lazima pawe na cha kuongeza. Mtoto anayejua kwamba chakula kitakwisha hula kwa pupa.

Vipimo hivi ni vya kununulia na kupikia. Havikupi ruhusa ya kumlazimisha mtoto amalize.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apewe maziwa yenye mafuta yake yote. Baada ya miaka miwili yaliyopunguzwa mafuta yanafaa. Usiyaongeze bila kikomo kwa kudhani ni lishe tupu. Mtoto akijaza tumbo kwa maziwa hukosa nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma. Chai na kahawa zisiwepo mezani kwa watoto, na mojawapo ya sababu ni kwamba chai hupunguza ufyonzwaji wa madini hayohayo.

Juisi iache kabisa. Tunda zima lina nyuzinyuzi na hutafunwa. Kama mzazi anaisisitiza, isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na wa mwaka 1 hadi 3 asipite ml 120 kwa siku nzima.

## Hatua ya 4: Chagua vifungua kinywa vitano tu

Vitano vinatosha. Vikiwa ishirini hutajua ununue nini, na watoto hawatakutana na chakula kilekile mara za kutosha kukizoea. Kuna watoto wanaohitaji kukiona chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukubali kukionja. Badilisha tunda na mboga kufuatana na msimu, ila umbo la wiki libaki.

- Jumatatu: oti za kulaza (zilizolowekwa kwenye maziwa usiku kucha) zenye mtindi, tunda laini.
- Jumanne: vikeki vya mayai na mboga, nusu kipande cha mkate, chungwa.
- Jumatano: uji wa oti wa moto, ndizi, yai la kuchemsha.
- Alhamisi: pankeki za ndizi, mtindi, tunda.
- Ijumaa: mkate uliopakwa maharage yaliyopondwa, chungwa au nyanya iliyokatwa.

Maziwa ni ya kila siku. Chungwa limewekwa Jumanne na Ijumaa kwa makusudi: vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga za majani, maharage na nafaka. Pilipili hoho, stroberi na kiwi hufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu sukari: watoto walio chini ya miaka miwili hawahitaji sukari ya kuongezwa hata kidogo. Unaponunua mtindi au nafaka ya pakiti, soma lebo na ugawe gramu za sukari kwa 4. Jibu ni idadi ya vijiko vya chai. Mtindi wa kawaida una sukari yake ya asili ya maziwa, kwa hiyo linganisha kopo la ladha ya matunda na kopo lisilo na ladha: tofauti iliyopo inakupa makadirio ya sukari iliyoongezwa. Angalia pia majina kama glukosi, fruktosi, molasi na sirapu. Zote ni sukari. Utamu wa ndizi iliyoiva hadi ganda kupata madoa unatosha.

## Hatua ya 5: Pika jioni mbili

Hapa ndipo asubuhi yako inapookolewa. Jioni ya Jumapili huhudumia Jumatatu na Jumanne. Jioni ya Jumatano huhudumia Alhamisi na Ijumaa. Usipike vyote Jumapili: chakula kilichopikwa hukaa friji siku 3 hadi 4, na cha Ijumaa kitakuwa kimepita muda.

### Oti za kulaza

Kwa kila kikombe 1 cha oti bapa weka kikombe 1 cha maziwa na nusu kikombe cha mtindi. Koroga, funika, weka friji kwa saa 6 au zaidi. Asubuhi koroga tena na uongeze tunda.

Zikiwa ngumu kama udongo, maziwa yalikuwa machache; ongeza vijiko vichache na ungoje dakika tano. Zikiwa na punje ngumu, ulinunua oti za kukatwakatwa. Usitie tunda usiku, kwa kuwa ndizi hugeuka nyeusi na watoto huikataa kwa kuiona tu.

### Vikeki vya mayai na mboga

Mayai 8, maziwa ml 120, kikombe 1 cha mboga iliyokatwa ndogondogo, jibini gramu 60. Washa oveni nyuzijoto 180. Kaanga mboga dakika tatu, kisha ikamue maji. Wengi huruka hatua hiyo, na ndiyo maana vikeki vyao hutoka vimelowa na kunywea. Piga mayai na maziwa, changanya vyote, jaza kila kishimo robo tatu, na uoke dakika 18 hadi 22.

Choma kipimajoto katikati ya kikeki kilicho katikati ya trei: kisome angalau nyuzijoto 71. Yai bichi au la majimaji halifai kwa watoto wa umri huu, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Paka trei mafuta vizuri hata kama imeandikwa haigandi, na acha vikeki vitulie dakika tano kabla ya kuvitoa.

Vikipoa, viweke kwenye chombo bapa, andika tarehe, ingiza friji ndani ya saa mbili tangu kuiva. Asubuhi vinaweza kuliwa vya baridi. Ukivipasha, vifike nyuzijoto 74, kisha vipoe kabla ya kugawa.

### Pankeki za ndizi

Saga kikombe 1 cha oti kwenye blenda hadi ziwe unga. Ongeza ndizi mbivu 2, mayai 2, maziwa ml 60 na kijiko cha chai 1 cha beking pauda. Saga, kisha uache utulie dakika 10 ili unga unywe maji. Pika kwa moto mdogo, vijiko viwili vya chakula kwa kila pankeki. Utapata 10 hadi 12.

Zikiungua nje na kubaki mbichi ndani, moto ulikuwa mkubwa. Ndizi ina sukari na huungua upesi. Zikikatika unapozigeuza, hukungoja viputo vitokeze juu na kingo zikauke.

Pika mara mbili ya unayohitaji. Zigandishe kwenye friza zikiwa zimepangwa safu moja, kisha ndipo uzitie kwenye mfuko. Ukiziweka pamoja zikiwa laini zitashikana. Hizo ndizo akiba ya siku utakayoamka umechelewa.

### Uji wa oti

Kikombe 1 cha oti kwa vikombe 2 vya maji au maziwa, dakika 5 hadi 8 kwa moto mdogo. Huu upikwe kabla mtoto wa kwanza hajafika. Jaza hotipoti maji yanayochemka kwa dakika tano, yamwage, kisha tia uji ukiwa wa moto sana. Hotipoti isiyopashwa huunyonya uji joto lake. Uji lazima ubaki juu ya nyuzijoto 60 hadi saa ya kugawa. Pima mara chache za mwanzo ujue hotipoti yako inashika joto kwa muda gani.

Onyo: uji huweza kuunguza ndani huku juu umepoa. Gawa kwenye bakuli pana, koroga hadi chini, onja wewe kwa kijiko chako tofauti. Hotipoti isikae mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Mayai ya kuchemsha ya Jumatano chemsha Jumapili: dakika 10 hadi 12 tangu maji yachemke, kisha kwenye maji baridi. Yakibaki na maganda hukaa friji hadi wiki moja.

## Hatua ya 6: Kata chakula kwa ajili ya koo dogo

Mtoto wa chini ya miaka minne hana uwezo kamili wa kusaga chakula, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Kinachomkaba ni kile cha duara, kigumu, kinachoteleza au kinachonata.

- Zabibu na nyanya ndogo: kata vipande vinne kwa urefu. Ukikata kwa upana unabaki na kizibo.
- Tufaha na karoti mbichi: zikune kwa kikunio, au pika hadi zipondeke kati ya vidole viwili.
- Soseji ikatwe vijiti vyembamba, si vigurudumu.
- Karanga nzima, bisi na peremende ngumu: hapana kabisa.
- Siagi ya karanga, kama hakuna mwenye mzio: utando mwembamba juu ya mkate, kamwe si kijiko kizima.
- Vipande vingine visizidi upana wa sm 1.

Watoto wale wakiwa wamekaa wima, na mtu mzima awe mezani akiwatazama nyuso. Anayekabwa mara nyingi hatoi sauti, kwa hiyo kusikiliza kutoka jikoni hakutoshi. Jifunze huduma ya kwanza ya kukabwa kwa mkufunzi, kwa vitendo, kwa sababu anavyosaidiwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni tofauti na mkubwa wake.

## Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Usiku sahani zimepangwa, matunda yameoshwa, mkate uko mezani. Asubuhi yanabaki haya: futa meza kwa maji ya sabuni, kata matunda, toa chombo friji, mimina maziwa, osha mikono ya wote kwa sabuni kwa sekunde 20. Weka saa na ujipime. Ukizidi dakika 10, tafuta kazi moja ya kuhamishia usiku. Mara nyingi ni machungwa, ambayo yanaweza kumenywa jioni na kufunikwa kwenye friji.

Weka chakula katikati na uwaache wenye miaka mitatu na zaidi wajichotee. Watamwaga; kaa na kitambaa karibu. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter alieleza mgawanyo wa kazi unaofaa sana hapa: mtu mzima anaamua chakula ni nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Ukimwambia "maliza kwanza ndipo ucheze", unamfundisha kupuuza tumbo lake. Hakikisha tu kwamba kila siku mezani kuna kitu kimoja ambacho kila mtoto anakikubali, hata kama ni mkate mtupu.

*Umefaulu kama:* dakika 20 zimepita, watoto wengi wamekula sehemu mbili za aina tofauti, na hukuinuka kwenda jikoni zaidi ya mara moja.

## Hatua ya 8: Mabaki na daftari

Kilichobaki kwenye sahani ya mtoto hutupwa. Kilichobaki kwenye bakuli la mezani pia hutupwa, maana vijiko vya watoto vimepita humo. Kinachohifadhiwa ni kile ambacho hakikutoka jikoni, na ambacho hakijakaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja kama joto la chumba limepita nyuzijoto 32. Kama unatupa kingi, peleka mezani bakuli dogo na uongeze kutoka friji.

Halafu andika mstari mmoja kwa kila mtoto: alikula nini, alikataa nini. Mwambie mzazi jioni bila kulaumu: "Leo alikunywa maziwa na kula ndizi, mayai hakuyagusa." Baada ya wiki mbili tazama daftari. Chakula kilichokataliwa na mtoto mmoja kiache kwenye ratiba. Kilichokataliwa na karibu wote, badilisha umbo lake kabla hujakiondoa: mchicha unaosukumwa kando kwenye vikeki vya mayai ukate mdogo zaidi, au uusage pamoja na maziwa ya vikeki hivyo.

Mtoto ambaye hali chochote siku kadhaa mfululizo, anayepungua uzito, au anayekohoa na kupaliwa kila anapokula, si suala la ratiba. Mpe mzazi wake nakala ya kurasa zile za daftari aende nazo kwa daktari.